Chai ibaki, kitafunwa kibadilike

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Kariakoo, Dar es Salaam, huwa imeshaanza kunywa chai. Kando ya Mtaa wa Mkunguni, Mtaa wa Congo na Barabara ya Msimbazi, makabati ya vioo yamejaa maandazi, vitumbua, chapati na sambusa, na birika zimekaa jikoni, ya rangi upande huu, ya maziwa upande ule. Mchukuzi wa mizigo hula amesimama, mwenye duka huagiza aletewe kaunta, na abiria aliyeshuka mwendokasi Gerezani hufungiwa vyake kwenye karatasi akaenda zake. Mlo huu umedumu kwa sababu zinazoeleweka: ni wa haraka, ni wa bei ndogo, unashikika mkononi na hauna kona usikopatikana. Kasoro yake ni kwamba karibu wote ni wanga uliopikwa kwa sukari na mafuta, kisha ukashushiwa kwa kinywaji chenye sukari. Maandazi mawili ya wastani na kikombe cha chai ya rangi havimpi mlaji zaidi ya gramu 6 au 7 za protini, na mtu huyo anaweza kuwa na mabunda ya vitenge ya kubeba mpaka adhuhuri. Miaka yote wataalamu wa lishe wamejibu tatizo hili kwa kumsihi mlaji abadilike. Hoja ya makala haya ni kwamba mlaji aachwe na chai yake, kibadilishwe kitafunwa. Kiwe cha kuokwa badala ya kukaangwa, na ndani yake mtiwe jibini laini ya maziwa, mayai na matunda.

Tuanze na mahitaji yenyewe. Kiwango kilichowekwa mwaka 2007 na Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa ni gramu 0.83 za protini kwa kila kilo ya uzito wa mtu mzima kwa siku. Mwenye kilo 60, basi, anahitaji gramu 50 hivi. Wakazi wengi wa katikati ya jiji hukifikia kiwango hicho, au hukikaribia, lakini hukifikia jioni, pale sahani ya wali au ugali inapokuja na nyama, samaki, dagaa au maharage. Je, saa ya kula ina uzito wowote? Mwaka 2014 watafiti wa Galveston, Texas, waliwalisha watu wazima wenye afya kiasi kilekile cha protini kwa siku, gramu 90, kwa mipango miwili: mara igawanywe sawa katika milo mitatu, mara sehemu kubwa iachwe kwa mlo wa jioni. Ujenzi wa misuli kwa saa 24 ulikuwa juu kwa asilimia 25 hivi pale protini ilipogawanywa sawa. Mwaka uliotangulia, Chuo Kikuu cha Missouri kilichapisha utafiti juu ya wasichana waliozoea kuiacha chai ya asubuhi. Walipopewa mlo wa asubuhi wenye gramu 35 za protini walipunguza kudokoadokoa vyakula vya mafuta usiku kuliko walipoacha kula asubuhi, jambo ambalo mlo wa nishati ileile wenye gramu 13 haukulifanya.

Ushahidi huo usipigiwe ngoma kupita kiasi. Utafiti wa Galveston ulikuwa na watu 8 na wa Missouri ulikuwa na wasichana 20, na hao wote waliishi maisha yaliyo mbali na ya mchukuzi wa Kariakoo. Tena mwaka 2019 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, waliokusanya majaribio 13 wakaona kwamba wanaokula asubuhi humaliza siku wakiwa wamekula kilokalori 260 zaidi ya wasiokula, wala hawawi wembamba kwa hilo. Kwa maneno mengine, anayedai kwamba kifungua kinywa ni kinga ya unene anauza dawa isiyojaribiwa ikaiva. Lakini uchambuzi huo unajibu swali la mtu anayejiuliza ale au asile. Mfanyakazi wa Kariakoo hana swali hilo. Atakula, kwa sababu ameondoka Mbagala au Kimara alfajiri na kazi yake ni ya miguu na mabega. Swali lake ni ale nini kwa fedha iliyo mfukoni, na hapo ushahidi uliopo, pamoja na udogo wake, unaelekea upande mmoja: kama chakula ni lazima, chenye protini hushibisha kwa muda mrefu zaidi kuliko kile chenye wanga na sukari peke yake.

Msomaji wa Dar es Salaam atasema protini ya asubuhi si ngeni mjini humu, naye atakuwa na haki. Ipo supu ya ng'ombe, ya mbuzi, ya kuku na ya makongoro, inayouzwa na chapati na ndimu pembeni. Upo mtori uliokuja na Wachaga na sasa ni wa kila mtu. Zipo mbaazi za nazi, chakula cha asubuhi cha pwani tangu zamani, zinazoliwa kwa maandazi, na yapo maharage ya nazi yanayoliwa kwa chapati. Muuza mayai ya kuchemsha hupita na kachumbari yake. Kwa lishe tupu, mbaazi za nazi kwa andazi moja ni mlo ambao mtaalamu yeyote angeusaini. Tatizo la vyakula hivi ni umbo. Supu inataka bakuli, benchi na nafasi ya kukaa, na bei yake si ya kila siku kwa mwenye kipato cha kutwa. Mbaazi zinataka sahani na kijiko, na mpishi aliyewasha moto wake usiku. Kitafunwa hakitaki chochote kati ya hivyo. Ndiyo maana andazi huuzwa kwa wingi kila siku palipo na supu nzuri hatua chache tu kutoka hapo: wateja wanaijua supu na wanaipenda, ila andazi ndilo linaloendana na asubuhi yao. Anayetaka protini iwafikie watu hawa aipeleke katika umbo lilelile.

Hapo ndipo jibini laini inapoingia, na hapo ndipo pingamizi la kwanza linapotokea: hicho ni chakula cha Kizungu, cha rafu za barafu za supamaketi za Masaki, kopo dogo kwa bei ya kuku. Kopo hilo kweli ni la wachache. Bidhaa yenyewe ni kitu kingine. Maziwa yaliyogandishwa kwa uchachu na moto, yakachujwa maji, ni chakula cha watu wengi wasio na uhusiano wowote na Masaki. Waethiopia wana ayib, jibini nyeupe inayopondeka, wanayoila na mboga na vyakula vya pilipili kali. Warusi huoka tvorogi, jibini yao ya aina hii, kwa mayai na zabibu kavu, wakakiita zapekanka, chakula kinachojulikana sana katika shule za watoto wadogo. Huko Odisha, mashariki mwa India, kuna chhena poda, jibini iliyochanganywa na sukari na iliki, ikafungwa kwenye majani na kuokwa polepole juu ya makaa mpaka ngozi yake iwe kahawia. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wizara ya Kilimo ya Marekani ilibandika mabango kuwahimiza wananchi wale jibini ya aina hii ili nyama ibakie kwa askari. Ni vita hiyohiyo iliyoipa Kariakoo jina, kutokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza. Na hapa mjini, familia za asili ya Kihindi za Kisutu na Upanga zisizokula nyama zimekuwa zikigandisha maziwa kwa ndimu vizazi na vizazi, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka sokoni.

Utengenezaji wake ni mwepesi kuliko wa chapati. Lita moja ya maziwa mabichi ya ng'ombe hubandikwa kwenye sufuria nzito na kuchemshwa mpaka yaanze kupanda. Hapo moto huzimwa, na maji ya ndimu, vijiko viwili hadi vitatu vya kulia, humwagwa kidogo kidogo huku maziwa yakizungushwa taratibu kwa mwiko. Atakayekoroga kwa nguvu atapata chembe kavu kama chenga za mchele. Atakayekuwa mpole ataona mabonge meupe yakijitenga na maji ya rangi ya kijani iliyofifia. Maji yakiendelea kuwa meupe kama maziwa, bado ndimu haijatosha. Baada ya dakika 10 yote humiminwa kwenye kitambaa safi cha pamba kilichotandikwa juu ya chujio la nazi, yakaachwa yachuruzike bila kukamuliwa sana, kwa kuwa jibini ya kuoka inatakiwa ibaki na unyevu wake. Hupatikana gramu 200 hivi, na ndani yake imo sehemu kubwa ya protini ya maziwa, ambayo ni gramu 32 hivi kwa kila lita. Maji yanayobaki yasimwagwe, maana yameondoka na sukari ya maziwa na sehemu ya madini ya chokaa. Yanafaa kupikia uji au kukandia chapati. Aliye na mtindi nyumbani anaweza kuuning'iniza kwenye kitambaa ndani ya jokofu usiku kucha, akapata kitu kinachokaribiana bila kuwasha moto.

Kuoka nako si ufundi wa kuazima. Mkate wa kumimina, unaoitwa pia mkate wa sinia, umeokwa katika nyumba za uswahilini tangu oveni haijasikika. Mchele hulowekwa, husagwa kwa tui zito, hutiwa sukari, iliki na hamira, wengine huongeza ute wa yai, kisha uji ule ulioumuka humiminwa kwenye sufuria iliyopakwa mafuta. Moto mdogo huwekwa chini, mkate ukianza kushika makaa hupakiwa juu ya mfuniko, na uso wake hubadilika rangi kwa joto linaloshuka. Kila anayejua kuupika mkate huo anajua tayari asilimia 90 ya kinachohitajika hapa. Kinachopungua ni vitu vya kutia ndani yake, kwa sababu mchele na nazi, pamoja na utamu wake wote wa futari, vina protini kidogo. Tubadilishe uwiano: jibini ya lita moja ya maziwa, mayai manne, ndizi mbivu tatu zilizopondwa, karanga za kusaga gramu 50, unga wa mchele gramu 100, iliki, chumvi kidogo na kijiko cha chai cha beking pauda. Sukari inaweza kuachwa kabisa kama ndizi zimeiva mpaka ganda likawa na madoa. Mchanganyiko uwe mzito kiasi cha kudondoka kwenye mwiko bila kutiririka.

Asiye na oveni atatumia mchanga. Sufuria kubwa iliyochakaa hutiwa mchanga mkavu, hufunikwa na kupashwa moto kwa dakika 10, kisha sufuria ndogo yenye mchanganyiko huketishwa ndani yake juu ya mchanga na kufunikwa tena. Kwa moto mdogo wa gesi huiva ndani ya dakika 45 hadi saa nzima, na kijiti kikichomekwa katikati hutoka kikavu. Faida ya njia hii kwa katikati ya jiji ni kwamba inakubali jiko la mtungi mdogo, ambalo sasa limeingia katika vyumba vingi vya kupanga. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo mwaka 2034, na bila shaka moto wa juu na chini wa mkaa utazidi kuwa wa siku maalumu. Uokaji wa mchanga hauna rangi nzuri ya juu kama ule wa makaa. Hilo ni pungufu la macho tu. Wanaolijali hugeuza kipande na kukipitisha kwenye kikaango dakika mbili.

Matunda yanataka kufikiriwa zaidi ya utamu, na hapa soko lina la kusema. Ndizi hupatikana mwaka mzima, zikitoka Mbeya, Kilimanjaro na Morogoro, na kwa jumla zikinunuliwa Mabibo, mahali ambapo watu wa mjini wamepaita Mahakama ya Ndizi. Hilo ndilo tunda la msingi, kwa sababu hutia utamu, hushika mchanganyiko na halitoi maji mengi. Maembe yanapojaa kati ya Novemba na Januari, embe dodo lililoiva lakini bado gumu hukatwa vipande na kupangwa juu. Nanasi la Kiwangwa, Bagamoyo, lina mtego wake: likiwa bichi lina kimeng'enya kinachovunja protini, na likikaa na jibini kwa muda huifanya iwe ya majimaji na yenye uchungu. Papai lina tabia hiyohiyo, hasa likiwa halijaiva. Dawa ni kulichemsha nanasi dakika chache kabla, kwa kuwa moto huua kimeng'enya hicho, au kulichanganya dakika ya mwisho na kuoka papo hapo. Chungwa la Muheza litoe maganda yake ya kukwaruza, juisi inywewe. Tende na zabibu kavu zinafaa kwa wanaotaka kitafunwa kikavu kinachobebeka. Kwa mpangilio huo tunda linashika mahali pa sukari ya kijiko, na hapo ndipo thamani yake ilipo, kwani protini yenyewe ya matunda ni ya kutajwa tu.

Sasa hesabu. Jibini huleta kama gramu 26 za protini, mayai manne 24, karanga 12, unga 7 na ndizi 3. Jumla ni gramu 72, na ikigawanywa kwa watu wanne kila mmoja anapata 18. Hiyo ni karibu mara tatu ya maandazi mawili kwa chai ya rangi. Haifiki gramu 30 zinazopendwa na wanaobeba vyuma, na anayezitaka aongeze bilauri ya mtindi, atapata 8 nyingine, au chai yake iwe ya maziwa matupu. Tofauti ya pili haionekani kwenye jumla hiyo: hakuna mafuta ya kukaangia, hasa yale yanayorudiwa karai kwa karai, na sukari imeshuka. Anayesema protini haina maana bila kutazama kinachoandamana nayo anasema kweli, na ndiyo sababu sambusa ya nyama, pamoja na protini yake, haiwezi kuwa jibu la kila asubuhi.

Pingamizi zito kuliko yote ni bei, na halijibiki kwa maneno matupu. Kwa bei zilizozoeleka miaka ya karibuni, lita ya maziwa ni kati ya shilingi 2,000 na 3,000, yai moja ni 300 hadi 400, na ukijumlisha ndizi, karanga na unga, sufuria nzima inaweza kufika shilingi 5,500 hivi. Ikikatwa vipande vinane, kimoja kinamgharimu mpishi karibu shilingi 700 kabla ya moto na faida, na kina gramu 9 za protini. Kitauzwa 1,000 basi, mbele ya andazi la 200. Zaidi ya hapo, yai la kuchemsha pamoja na maandazi mawili linakishinda kwa bei na kwa gramu, na kilo ya maharage, yenye zaidi ya gramu 200 za protini, inakishinda vibaya zaidi. Kwa mwenye mfuko mwembamba ushauri wa haki ni huo: yai, mbaazi au maharage kwanza. Lakini soko la chai la Kariakoo halina mteja wa aina moja. Yupo anayenunua chapati mbili na chai ya maziwa, yupo anayekunywa supu mara tatu kwa wiki, wapo wauza duka, makarani, madereva na wanafunzi wa Upanga ambao tayari wanatoa shilingi 1,500 na kuendelea kila asubuhi. Hao kipande kimoja na chai ya maziwa hakiwaongezei gharama. Kinahamisha fedha kutoka kwenye unga na mafuta kwenda kwenye maziwa na mayai. Na yai la kuchemsha, kwa uzuri wake wote, huongezwa juu ya andazi bila kuliondoa.

Wengine watauliza juu ya matumbo, maana si kila Mwafrika anayeivana na maziwa. Ni kweli kwamba watu wazima wengi hupoteza uwezo wa kuyeyusha sukari ya maziwa. Mwaka 2007 timu ya mtaalamu wa jenetiki Sarah Tishkoff ilichapisha uchunguzi uliofanywa Tanzania, Kenya na Sudan, ukionyesha kwamba jamii za wafugaji wa eneo hili zina mabadiliko ya jeni yaliyowaachia uwezo huo, tofauti na yale ya Wazungu. Jirani yao asiye mfugaji huenda hana bahati hiyo. Ila kugandisha na kuchuja kunaondoa sehemu kubwa ya sukari hiyo pamoja na maji, na ndiyo maana mtu anayesumbuliwa na bilauri ya maziwa mara nyingi huvumilia jibini na mtindi. Aliye na mzio wa kweli wa protini ya maziwa, ya mayai au ya karanga asikiguse, na muuzaji awajibike kusema kilichomo. Usalama pia unataka kutajwa. Maziwa mabichi ya kupimwa mitaani yanaweza kubeba vijidudu vya ugonjwa wa kutupa mimba kwa ng'ombe, unaowapata watu pia, lakini utengenezaji huu unaanza kwa kuyachemsha. Hatari inakuja baadaye. Kwa joto la Dar es Salaam, kitu chenye maziwa na mayai hakilazwi mezani mpaka kesho. Kiokwe alfajiri kiuzwe asubuhi hiyohiyo, au kiokwe usiku kilale kwenye jokofu.

Sharti hilo la jokofu na alfajiri ndilo linaloonyesha nani hasa apike. Makala za mapishi hudhani kila msomaji ana jiko, saa moja ya nafasi na familia inayokaa mezani. Mama anayeondoka nyumbani saa kumi na moja hana hata kimoja kati ya hivyo, na kumtwika zoezi la kugandisha maziwa ni kumwongezea mzigo mtu aliyeelemewa. Anayeweza kuibeba kazi hii ni yule ambaye tayari anaamka saa tisa kukanda unga: mama lishe na muuza vitafunwa. Yeye ana moto uliowaka, ana wateja wa kudumu, ana kabati la kioo, na anajua ndani ya wiki moja kama kitu kinaenda au hakiendi. Anaweza kuanza na sufuria moja pembeni ya maandazi yake bila kuyaacha. Kinachomzuia ni mtaji wa maziwa na mayai, ambavyo hupanda bei na kuharibika kuliko unga wa ngano, na hofu ya kubaki na vipande saa nne asubuhi. Vizuizi hivyo vinatatulika kwa oda ndogo za uhakika kutoka madukani na maofisini, na kwa kununua maziwa kwa kundi.

Serikali ina sababu zake za kulitazama jambo hili. Unywaji wa maziwa nchini, kwa takwimu za miaka ya karibuni, uko chini ya lita 70 kwa mtu kwa mwaka, ilhali kiwango kinachotajwa kila Wiki ya Maziwa ni lita 200, na hii ni nchi iliyo miongoni mwa zenye ng'ombe wengi zaidi barani Afrika. Kampeni zimesisitiza bilauri: kunywa maziwa. Lakini Mtanzania wa mjini hutafuna kuliko anavyokunywa, na lita iliyogandishwa ikaokwa inaingia mwilini bila kumlazimisha mtu kuipenda bilauri. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973 na yenye ofisi zake jijini humu, imeshatoa mwongozo wa ulaji unaogawa vyakula katika makundi sita. Mwaka 2008 ilishiriki pia kutoa majedwali ya viinilishe vya vyakula vya Tanzania. Mwongozo unaeleza sahani vizuri. Haujaeleza kabati la kioo la vitafunwa. Halmashauri zinazotoa mafunzo na mikopo kwa wanawake wajasiriamali zingeweza kuongeza somo moja la vitafunwa vya kuokwa vyenye maziwa, mayai au kunde, likiwa na vipimo, gharama na kanuni za usafi, na zikapata matokeo haraka kuliko mabango.

Inawezekana soko likakikataa kitafunwa hiki cha jibini. Wateja wanaweza kukiona kizito, wakasema hakina mkato wa andazi la moto, au muuzaji akaona faida ni ndogo kuliko usumbufu. Likitokea hilo, hoja kuu haianguki, kwa sababu haikutegemea jibini. Chapati inaweza kukandwa kwa mtindi na yai, bagia za kunde zikaokwa badala ya kuzamishwa, mkate wa kumimina ukatiwa karanga na ute wa yai zaidi. Kinachotakiwa ni kuacha kudhani kwamba kitafunwa ni kijazio cha tumbo na lishe itafuata jioni. Watu wa katikati ya jiji hutumia fedha zao za kwanza za siku kununua kitu cha kutafuna na chai; hicho wanachonunua kinastahili kuwa na chakula ndani yake.